Mashine ya Mama mdogo ilipokataa kutoa maji

Leo tunaandika juu ya kitu ambacho sisi wenyewe hatujawahi kukiona kwa macho: mashine ya kuosha vyombo. Msicheke bado.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa kumi jioni. Tulikuwa tumetoka kusaidia kutafsiri kwa watu wapya, tumekaa chini ya mti, simu ikalia. Mama mdogo. Ni mama mdogo wa mmoja wetu tu, lakini hapa sisi wote tunamwita hivyo, maana kabla ya kupelekwa Marekani alikuwa anatupikia wote. Sasa anaishi Dayton, Ohio. Kwake ilikuwa saa nne asubuhi.

Hakusalimia. Alisema tu: "Batoto bangu, mashine ya watu nimeiua."

Mashine ilikuwa imesimama katikati ya kazi, inalia pii pii, na kwenye kioo chake kidogo imeandika herufi E na namba. Ile nyumba ni ya kupanga, na mashine aliikuta mle. Alikuwa amesikia kwamba kule fundi analipwa hata kwa kuja kuangalia tu. Siku tatu alikuwa ameficha jambo hili, mwenye nyumba asijue, watoto wasiseme. Anafunga mlango wa ile mashine na kuosha sahani kwenye sinki usiku, kama mtu aliyeiba.

Tulimwelewa. Sisi watu wa kambi tunaogopa namba. Namba ikiandikwa kando ya jina lako kwenye karatasi, unaambiwa simama pembeni, subiri. Huulizi kwa nini. Unaanza kujiuliza mwenyewe umekosa nini. Kwa hiyo Mama mdogo alipoona ile kode, aliisoma hivyo hivyo: wewe umekosa.

Lakini kode ya mashine siyo ya namna hiyo. Hilo tulijifunza hapa hapa Kenani. Wakati wa mvua, inveta ya pale tunapochajia simu ilianza kulia na kuonyesha kode ya betri. Watu wote wakasema betri imekufa, tukaanza kuchanga kwacha za kununua nyingine. Yaya mmoja anayejua sola akasema ngoja kwanza. Akapima kwa mita: betri imepumzika, inasoma volti 12.6, imejaa. Akawasha mzigo, akapima upande wa inveta: volti 10. Huenda umeme ulikuwa unapotea njiani. Kichwa cha waya kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Akakwangua, akakaza, kelele ikaisha. Pesa yetu tukarudishiana. Kode ilikuwa haijadanganya. Ilisema kile mashine inachosikia: umeme ni mdogo. Kule ugonjwa ulikoanzia, hiyo ni kazi ya mtu kutafuta.

Basi tukamwambia Mama mdogo: tusiguse kitu, tuulize kwanza. Kabla ya kusimama ilikuwa inafanya nini? Akasema ilikuwa imeosha, ikanguruma kidogo, ikasimama. Fungua mlango, maji yako wapi? Akageuza simu tukaona: yamelala chini, machafu, yana mafuta juu. Sasa tulikuwa na kitu. Maji yanaingia, hayatoki.

Tukamwomba apige picha kibandiko kilicho pembeni ya mlango, pale penye namba ya modeli. Kila kampuni ina kode zake, E ya hii siyo E ya ile, kwa hiyo bila ile namba ni kubahatisha tu. Tukatafuta kitabu cha maelekezo kwenye intaneti. Kiko kwa Kiingereza. Mmoja wetu anasoma, mwingine anageuza kwa Kiswahili, kama tunavyofanya kila siku kwenye foleni. Kitabu kikakubaliana na maji: ile kode ni ya kushindwa kutoa maji.

Hatua ya kwanza, kuzima umeme kwenye swichi ya ukutani inayolisha jiko, siyo kwa kitufe cha mashine tu. Halafu kuchota maji kwa kikombe na kukausha kwa taulo. Chini kabisa kuna chujio, linazungushwa na kuvutwa juu. Alivaa glavu, maana kioo kilichovunjika hujificha pale. Chujio likatoka limejaa wali, mafuta yaliyoganda na vichwa vya dagaa. Hata Ohio hajaacha dagaa! Akalisugua kwa mswaki wa zamani, akalirudisha, akawasha.

Dakika kumi, kode ile ile.

Mama mdogo akanyamaza. Baadaye akasema polepole: "Niliwaambia. Nimeiua." Sisi pia tulivunjika moyo, na mega zilikuwa zinaisha. Mmoja akakimbia kununua, tukachanga tena. Tukarudi kwenye kitabu. Kinasema maji yakipita chujio yanasukumwa na pampu kwenye mpira unaoenda mpaka chini ya sinki. Ukikunjwa, hayapiti. Tukamwambia azime tena umeme, afungue kabati la chini ya sinki.

Akafungua. Tukaona gunia.

Gunia la unga wa mahindi, zima, limesukumwa mpaka nyuma, limekaa juu ya ule mpira na kuukunja kama kiwiko. Hatukusema kitu. Sisi sote tunajua kwa nini mtu ambaye duka liko karibu na nyumba yake anaficha gunia zima la unga. Wengi wetu tulivuka kutoka upande wa Pweto na Moba mwaka 2017 na tukafika Kenani mikono mitupu.

Akalivuta. Tukamwambia aunyooshe mpira kwa mkono, aangalie kama umepasuka. Mzima. Akarudisha umeme, akabonyeza kitufe cha kutoa maji. Tukasikia kwenye simu, gluu, gluu, maji yanashuka. Mama mdogo akapiga vigelegele mpaka watu wa foleni wakageuka.

Kwa wale mnaosubiri safari, na wale mliokwisha kufika, tunaacha haya:

Kode ikitokea, piga picha kabla ya kuzima. Angalia maji yako wapi. Tafuta kitabu cha modeli yako, siyo ya jirani.

Usiingize mkono kabla ya kuzima umeme wa ukutani na maji kupoa.

Safisha chujio mara kwa mara, na kwangua mabaki ya chakula kabla ya kupanga sahani. Tumia sabuni ya mashine. Ile ya maji ya kuoshea kwa mkono itajaza povu mpaka sakafuni.

Ukiona maji yanavuja sakafuni au ukisikia harufu ya kuungua, acha. Hapo siyo kazi yako wala yetu.

Na mwambie mwenye nyumba mapema. Kwenye nyumba ya kupanga, mara nyingi mashine uliyoikuta ni mali yake na kuitengeneza ni juu yake. Soma mkataba, au mwombe mtu akusomee. Mama mdogo alimwambia Jumatatu. Yule bwana alisema asante.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, ombi moja. Mnapowafundisha watu kabla ya safari, mnawaonyesha namna ya kuwasha. Waonyesheni pia kitu kikikataa: wapi pa kuangalia, nani wa kupigia, na kwamba hakuna atakayewafukuza kwa sababu ya chujio chafu. Mama mdogo hakukosa akili ya kuvuta gunia. Siku tatu zilipotea kwa woga.

Gunia lenyewe bado liko. Amelihamishia chumbani, kando ya kitanda. Hatukumwambia alitoe.

Na wewe uliye mbali, mashine ikikuandikia kitu, tupigie Jumamosi jioni ya huku. Ila mega ututumie wewe.