Krediti 18 kati ya 120
Nilipojisajili chuo cha masafa hapa Kakuma, kila mtu alinichagulia fani. Mama alitaka afya, marafiki wakasema kompyuta. Mimi niliogopa tu: nikikosea, miaka imeenda. Baadaye nikaelewa mfumo wa Kimarekani. Shahada huwa krediti 120 hivi, na masomo ya mwanzo kama uandishi na hesabu mara nyingi yanahesabiwa hata ukibadili fani. Nikaanza na somo moja kila muhula, maana bando halitoshi mawili. Leo niko na krediti 18. Nimechagua biashara, kwa sababu ndilo somo nililoamkia saa kumi alfajiri bila kusukumwa. Mama bado hajajua. Nitamwambia Jumapili. Nyinyi mliwaambiaje wazazi?