Dawa Ilikuwa Brussels, Mtoto Alikuwa Kituku

Mwanzoni mwa miaka ya 90, nchi ikiwa bado Zaire, pale Kituku, Goma, kwenye Ziwa Kivu, kulikuwa na mtoto wa jirani aliyekatazwa kuoga ziwani. Sisi wenzake tulishuka na mabidoni kuteka maji, tukaruka kutoka kwenye mitumbwi, tukarudi nyumbani tukitetemeka na kucheka. Yeye akiloa tu maji baridi ya Kivu, usiku mifupa ilimuuma hadi majirani wakaamka. Macho yake yalikuwa ya manjano. Alipokuwa mchanga vidole vya mikono na miguu vilikuwa vikimvimba, na mama yake, muuza samaki wa sambaza, alimkanda kwa maji ya moto na mafuta ya mawese. Wengine walisema karogwa, wengine wakasema ukoo una damu mbaya. Alifariki kabla hajamaliza shule ya msingi.

Leo ugonjwa huo Goma tunauita SS. Watanzania wanauita selimundu. Mtoto huurithi kwa baba na mama, kila mmoja akichangia sehemu yake bila kujua. Chembe nyekundu za damu hujikunja, hukwama kwenye mishipa midogo, na mwili uliokosa hewa hulipuka kwa maumivu. Mchawi hahusiki.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walitangaza kwamba msichana waliyempandikiza uboho kwa ajili ya saratani ya damu alikuwa amepona na selimundu pia. Kuanzia 1986, kule Brussels, Christiane Vermylen na wenzake walianza kuwapandikiza watoto wenye SS, wakiwemo ambao familia zao zilikuwa zinajiandaa kurudi makwao. Mwaka 1998 walitoa taarifa ya wagonjwa 50: wale 14 waliopandikizwa mapema, kabla ugonjwa haujawaharibu, wote walikuwa hai.

Uboho wa mgonjwa huuliwa kwa dawa kali, kisha seli shina za mtu mwingine huingizwa kwenye mshipa kama damu ya kawaida. Zenyewe hutafuta njia hadi ndani ya mifupa na kuanza kutengeneza damu mpya. Mtoaji bora ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa, na hata mwenye AS, yaani aliyerithi sehemu ya mzazi mmoja tu bila kuugua, anafaa. Mtoto yule wa Kituku alikuwa na ndugu wazima waliolala naye mkeka mmoja. Huenda uponyaji wake ulikuwa ubavuni mwake kila usiku, na hapakuwa na wa kutuambia.

Sasa tiba imesogea. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Lakini kwa mama wa Kituku, Dodoma nayo ni mbali, na gharama ni nzito. Januari 2025 vita viliingia Goma, uwanja wa ndege ukafungwa, hata kwenda Kinshasa ikabidi kuzungukia nchi jirani.

Na huko Kinshasa ndiko Dokta Léon Tshilolo na wenzake walikowapima watoto wachanga 31,204, wakatangaza mwaka 2009 kwamba 1.4 kwa 100 wana SS. Utafiti mwingine alioshiriki, uliofanyika pia Kilifi, Mbale na Luanda, ulionyesha kuwa kidonge cha haidroksiurea hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Kidonge hicho hakihitaji chumba cha upasuaji wala ndege. Kinahitaji mtoto ajulikane mapema, na tone la damu linatosha kumjua.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto akivimba vidole au macho yakigeuka manjano, mpeleke akapimwe. Vijana mnaotaka kuoana, jueni damu zenu kwanza. Na wenye mamlaka, kabla ya kutuahidi upandikizaji, tupeni kipimo kwa kila mtoto anayezaliwa Goma. Hilo linawezekana mwaka huu.