Siku yao ya mwisho ziwani

Leo tunawaletea kitu kilichotupata sisi vijana wanne wa kujitolea hapa Gihundwe, Rusizi. Majina ya familia hatuyataji, tutawaita tu baba, mama, Koko na watoto. Wao wenyewe walituruhusu tuandike.

Ilikuwa Jumatatu jioni, tunagawa sabuni. Kijana wa miaka tisa akamvuta mmoja wetu jile akamwuliza: "Yaya, siye tutaenda siku gani ku ile fasi ya mu simu?" Alikuwa ameona kwa simu ya jirani video ya pahali pa michezo kule Ulaya au Marekani, gari-moshi dogo linapanda juu sana, linageuka, watu vichwa chini, wanapiga kelele na wanacheka. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza soko linafunguliwa saa ngapi. Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka, sababu siye tulikuwa tunajua kitu ambacho yeye hakijui. Jina la familia yake lilikuwa kwenye orodha ya basi la Alhamisi. Walikuwa wanahamishwa kwenda Mahama.

Kwa wasiofahamu: hapa ni kituo cha muda. Watu wanavuka kutoka Kongo, wanaandikishwa, wanakaa majuma au miezi, kisha basi linawapeleka kwenye kambi. Mahama iko Kirehe, mashariki kabisa ya Rwanda. Ilifunguliwa 2015 kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi, leo na Wakongomani wako kule pia. Ukitoka hapa unakata nchi nzima. Hapa Gihundwe ukitembea kidogo tu unaiona Bukavu ng'ambo ya maji, na usiku unaona taa zake. Kule Mahama huoni Kongo. Mtu akipanda hilo basi, ndiyo mara yake ya mwisho kuangalia kwao kwa macho, mpaka siku ambayo hakuna anayeijua.

Sasa tuseme ukweli juu yetu. Miezi kabla ya hapo, familia ingine iliondoka, na wazazi walituomba tusiwaambie watoto. Tukakubali. Tukawaambia watoto "munaenda kutembea." Basi lilikuja alfajiri. Mtoto mmoja wa kike alipoona magodoro yanafungwa juu, akaelewa. Alitaka kwenda kumwaga rafiki yake wa hema la pili, muda haukuwepo. Alilia mpaka basi likapotea kwenye kona. Siku kadhaa yule rafiki alikuwa anakuja kutuuliza, "Ameisha kumaliza kutembea?" Tulikosa pa kuweka uso. Siye njo tulisema ule uongo, kwa vinywa vyetu.

Basi hii mara tulienda kwa wazazi tukawaambia: kesho Jumanne tunataka kuwapeleka watoto ziwani, siku ya furaha kabla ya safari. Mama akafurahi. Akasema: "Muzuri. Lakini musibaambie kama ni mwisho. Mubaache bacheze tu." Baba akanyamaza. Na siye tukanyamaza, sababu mtoto si wetu. Mtu wa kujitolea si mzazi.

Aliyesema ni Koko, mama yake baba. Alikuwa anachambua maharagwe, hata hakuinua kichwa: "Kwetu hata kuku tukimuuza, mutoto anaambiwa. Sababu yeye njo alikuwa anamulisha."

Hakuna aliyejibu. Baadaye mama akasema, bon, Koko mwenyewe atawaambia, lakini kule kule ziwani, si hapa.

Ikabaki ile hesabu. Pahali pa gari-moshi la kugeuka vichwa chini hapa Rusizi hapana. Tulifikiria Nyungwe. Ule msitu ni hifadhi ya taifa, tangu 2023 uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na ndani yake kuna daraja la kuning'inia lililofunguliwa 2010, linapita juu ya miti kwa mita kama 160, ukiangalia chini ni mita 70. Kwa mtoto yule hilo lingetosha kabisa! Lakini kuingia ni kulipa, na usafiri ni kulipa. Tulitoa kila mmoja alichokuwa nacho mfukoni, ikafika franga 6,500. Kwa hizo hupandi daraja. Unanunua sambaza, viazi vitamu, mandazi na chupa moja kubwa ya fanta. Tukanunua.

Tulifikiria tena mtumbwi, kuzunguka kidogo tu majini. Mwenye mtumbwi alikuwa na majaketi ya kuelea ya wakubwa peke yake. Mtoto wa miaka minne akivaa, linapita kichwani kama gunia. Tukasema hapana. Kijana wa miaka tisa alikasirika sana. Tunaona tulifanya vizuri. Kivu ukiiangalia imetulia, lakini ni ziwa refu kwenda chini, na halichezewi.

Ofisini walitupa ruhusa ya kutoka asubuhi mpaka saa nane. Basi ile jioni tukafanya kitu kimoja ambacho leo tunakifanya kwa kila familia. Tulimwuliza kila mtu: kesho unataka kitu gani kimoja? Kimoja tu.

Mtoto wa miaka minne alitaka mandazi ambayo hagawanyi na mtu. Binti wa miaka kumi na tatu alitaka picha, akasema, "Lakini isikuwe ya karatasi." Alimaanisha si ya kuandikishwa, ile ya kusimama mbele ya ukuta, usicheke. Mama alitaka kukaa chini apewe chakula na mtu mwingine, asifuliwe moto na yeye. Koko alitaka kuweka miguu ndani ya maji. Kijana alisema anataka gari-moshi. Baba alisema hataki kitu. Tukamwambia hapana, kila mtu. Akafikiri, akasema: "Mimi nitaona kule kule."

Jumanne tulitoka saa mbili asubuhi. Teremko la kwenda ziwani watoto walilishuka mbio. Bukavu ilikuwa mbele yetu, nyumba zimepanda vilima mpaka juu, mabati yanang'aa. Mama alisimama akaangalia muda mrefu, halafu akaanza kukung'uta nguo ya mtoto ambayo haikuwa na vumbi.

Koko alikaa kwenye jiwe, akavua viatu, akaweka miguu. Mtoto mdogo akamwuliza: "Koko, maji haya inaendaka wapi?"

Hapo tulipata somo la jiografia ambalo shuleni hatukulisikia vile. Maji ya Kivu yanatoka hapa hapa karibu, kati ya Bukavu na Rusizi, yanakuwa mto Ruzizi. Mto unashuka milimani kwa nguvu, ndiyo maana wameweka mitambo ya umeme njiani. Kivu iko mita kama 1,460 juu ya bahari na Tanganyika iko mita 770 hivi, kwa hiyo maji yanashuka karibu mita 700 mpaka Uvira. Na kabla ya Uvira yanapita Kamanyola. Hii familia ni ya Kamanyola.

Koko akajibu: "Inaenda kwetu. Itafika mbele yangu." Kisha akawaita wale watoto watatu, akawaambia hivi, taratibu, bila kubadili sauti: "Keshokutwa tunapanda basi. Tunaenda mbali. Hii maji hatutaiona tena kwa siku nyingi. Leo muiangalie muzuri."

Binti akauliza: "Tutarudi lini?"

Tuliona mama anafungua mdomo ajibu. Koko alimtangulia: "Hatujue."

Wandugu, hatutawadanganya kwamba kila mtu alifurahi kuambiwa ukweli. Yule binti alitoka akaenda kukaa mbali, mgongo umetugeukia, karibu saa nzima. Mama alituangalia kama anasema, munaona? Na siye tulianza kuogopa kwamba tumeharibu siku yao ya mwisho. Mmoja wetu alitaka kumfuata binti, Koko akakataa. "Mumuache. Anaaga."

Kijana wa miaka tisa yeye alifikiri kidogo, kisha akauliza: "Sasa gari-moshi?"

Tulikuwa tumekuja na bidoni kuukuu ya lita ishirini, tumeipasua na kuilaza ikawa bapa, na kamba ya nailoni. Kuna sehemu yenye nyasi inateremka mpaka kwenye mchanga. Mtoto anakaa juu ya bidoni, mmoja anavuta kamba mbele, mwingine anashikilia nyuma isikimbie sana. Safari ya kwanza ilienda vibaya, bidoni iligeuka na kijana akabiringika. Aliamka kinywa kimejaa nyasi, akasema, "Ingine!"

Hapo ndipo baba alipopata kitu chake. Kumbe kule nyumbani alikuwa akikata tiketi kwenye basi za kwenda Uvira. Alichukua majani mapana, akayachana vipande, akasimama juu ya teremko: "Tiketi! Tiketi mukononi! Hakuna tiketi, hakuna kupanda!" Tangu wafike kituoni hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Watoto wa wavuvi waliokuwa karibu wakaja, nao wakapanga mstari, naye akawakatia. Alikuwa anawauliza wanaenda wapi, wanamjibu Kigali, Bukavu, Marekani, anawaambia bei, wanamlipa kokoto. Mwisho kabisa akapanda mwenyewe. Bidoni ilipasuka katikati! Alishuka kwa makalio mpaka mchangani, na mama akacheka mpaka akashika tumbo.

Ile kelele njo ilimrudisha binti. Alikuja akasimama, akasema teremko la upande ule ni zuri zaidi, hakuna mawe. Akaanza kupanga mstari wa watoto.

Tukala. Mama alikaa, tukamletea sahani yake ya kwanza kabla ya mtu yeyote. Alishika sahani bila kula kwa dakika nzima, tukafikiri chakula hakijaiva. Mtoto mdogo alikula mandazi yake peke yake, halafu akaja kumpa Koko nusu kwa hiari. Baba alitufundisha kwamba hata hawa sambaza si wenyeji wa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Akasema, "Angalia sasa, kila mutu anasema ni samaki ya hapa."

Saa sita na nusu mvua ikaja, ile ya Rusizi isiyopiga hodi. Tulikimbilia kwenye baraza la duka, vyombo mkononi, fanta imebaki kidogo. Picha hatukuwa tumepiga. Tukaipiga pale pale barazani, nywele zimelowa, Koko ameshika viatu, baba ana matope mgongoni, binti katikati amefungua mdomo anacheka. Ziwa halionekani hata, ni mvua tu nyeupe nyuma yao. Yeye njo alichagua hiyo kati ya zote.

Jumatano watoto walipita hema kwa hema kuaga. Kijana aliachia rafiki yake kipande cha bidoni. Sisi tukamwambia siri moja: basi lake linapita katikati ya Nyungwe, barabara ya Kigali inakata ule msitu, na kima wanakaa pembeni ya lami. Akae dirishani ahesabu. Ile ndiyo hifadhi yake, na hakuna wa kumdai kiingilio.

Alhamisi alfajiri basi lilikuja. Binti alilia, tusiseme hakulia. Kabla ya kupanda alimwambia mmoja wetu: "Afazali nisingejua." Hatukuwa na jibu, tulimshika mkono tu. Lakini alijua anamwaga nani, na aliwaaga wote.

Jumamosi mama alitupigia. Walifika salama, kule joto ni jingi. Kijana anasema alihesabu kima kumi na moja, binti anasema walikuwa saba, na tangu siku ile wanagombana. Koko alichukua simu akatuuliza swali moja tu: mvua inanyesha huko? Tukamwambia inanyesha. Akasema, "Sawa, basi mto umejaa."

Tunaandika haya kwa vijana wenzetu wanaojitolea kwenye vituo na kambi. Mukisikia basi limepangwa, musingoje pesa za pahali pakubwa. Muulize wazazi kwanza: watoto wanajua? Kisha muulize kila mtu anataka kitu gani kimoja, hata yule anayesema hataki kitu. Na picha mupige mapema, mvua haingoji. Siye tulisahau.