Kidodi: Kwale wa Chunguni na Kinyonga wa Nyoka

Msafiri atokaye Dar es Salaam, akiisha kufika mji wa Mikumi, huiacha barabara kuu iendayo Iringa na kukata mkono wa kushoto. Hapo ndipo safari ya Kidodi huanza. Milima ya Vidunda humsindikiza upande wa machweo, mashamba ya miwa hujitokeza kidogo kidogo, na haupiti muda mrefu kabla hajakutana na malori yaliyosheheni miwa, yakiyumba kama wazee watokao arusini. Kidodi ni kata ya Wilaya ya Kilosa. Ukivuka mto Ruaha Mkuu ulio mbele yake umeingia Kidatu, na hapo umekwisha kuiacha Kilosa nyuma.

Wengi wapitao hapa hununua ndizi dirishani mwa basi, wakaendelea na safari zao za Ifakara. Wala hatuwalaumu, Kidodi haikuwekewa kibao cha kumwambia mgeni ateremke atazame. Lakini siku hizi mtu aliye London au Tokyo, akiwa amejilaza kitandani na simu mkononi, huweza kufungua intaneti akasoma vituko vilivyotokea ng'ambo tu ya mto huu, akacheka peke yake. Basi si vibaya, ndugu msomaji, nasi tulio jirani tukavisikia.

Tuanze na reli, maana hiyo haihitaji kupanda mlima. Reli itokayo Kilosa kupitia Mikumi ilijengwa katika miaka ya 1960 ikaishia Kidatu. Upana wake ni milimita 1,000 kamili. Katika miaka ya 1970 ikaja reli ya TAZARA, nayo ikapita Kidatu hapo hapo; lakini hiyo upana wake ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, ambazo hazifiki hata upana wa kiganja cha mtu mzima. Kwa kiganja hicho kisichotimia, gari moshi la reli moja haliwezi kukanyaga reli ya pili, na mwaka 1998 ilibidi kifunguliwe kituo maalumu cha kuhamishia shehena kutoka behewa hadi behewa. Ndugu wawili wamekutana mlangoni, na kila mmoja kiatu cha mwenziwe hakimtoshi!

Lakini vituko vyenyewe hasa vimo milimani. Milima ya Udzungwa, ambayo ncha yake ya kaskazini huonekana toka upande huu, ni ya kale mno, na misitu yake imekaa mbali na misitu mingine kwa muda mrefu hata ikalea viumbe wasiopatikana penginepo duniani. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana, juu ya kijiji cha Sanje. Bibi Homewood alikuwa amekwisha kuchunguza nyani wa jamii ya mangabey kule mto Tana, Kenya. Akasikia mlio msituni, akashtuka: mlio ule aliufahamu, ila mwenye kuutoa hakupaswa kuwapo pale, kwa kuwa vitabu vyote vilisema jamii yake iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Mwenyeji aliyewaongoza hakushtuka hata kidogo. Akawaambia kuwa huyo ni ngolaga.

Jambo hili lataka kutafakariwa. Mwaka 1981 mnyama huyo alitangazwa katika majarida ya kitaalamu kuwa ni mgeni kwa sayansi, naye akapewa jina la Sanje. Lakini mtu aliyekuwa na jina lake tayari ulimini alikuwa amesimama hapo hapo, pengine akishangaa wageni hawa wanashangaa nini. Laiti mtu yeyote angalimwuliza miaka ishirini kabla, ngolaga angaliandikwa kabla ya Uhuru.

Kituko cha pili ni cha jikoni. Mwaka 1991 watafiti wa ndege, wakiwemo Wadenmark, walikuwa kambini katika misitu ya Udzungwa. Walipokuwa wakila kitoweo kilichofanana na kuku, mmoja akatazama ndani ya chungu, akaona miguu miwili ya ndege asiyemjua. Kuku hakuwa na miguu ya namna ile. Wakaanza kutafuta, na mwaka 1994 dunia ikaarifiwa kuwa kuna kwale wa Udzungwa, ambaye jamaa zake wa karibu hawako Afrika bali katika misitu ya Asia! Ugunduzi mkubwa wa ndege katika Afrika ulianza, kwa hiyo, baada ya mchuzi kukolea chumvi. Wawindaji wa milimani walimjua kwale huyo kwa ladha kabla mtaalamu yeyote hajamjua kwa sura.

Wa tatu aliletwa na nyoka. Msitu wa Magombera si wa mlimani; uko bondeni, upande wa pili wa mto, umepakana na mashamba ya miwa. Bwana Andrew Marshall wa Uingereza alikuwamo humo akihesabu kima, wala hakuwa na habari ya vinyonga. Akamgutusha nyoka mwembamba kama kijiti, naye nyoka kwa hofu akatema chakula chake, akakimbia. Chakula kile kilikuwa ni kinyonga ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote. Mwaka 2009 akatangazwa kwa jina la kitaalamu lenye neno Magombera ndani yake. Tumepata kusikia watu wakipokonywa tonge mdomoni. Huyu nyoka lake liliwekwa katika maktaba.

Hatuna nafasi ya kumweleza kwa kirefu sange wa Udzungwa, mwenye pua kama mkonga, aliyenaswa na kamera iliyoachwa msituni mwaka 2005, ambaye kwa nasaba yu karibu zaidi na tembo kuliko panya. Wala yule chura wa milima ya Ukaguru, kaskazini ya Kilosa, aliyepewa mwaka 2002 jina la kitaalamu ambalo mtoto wa shule ya msingi aweza kulitafsiri: Churamiti maridadi.

Kicheko kina mpaka wake, hata hivyo. Ngolaga anaishi katika misitu miwili tu ya Udzungwa. Mwanihana umelindwa ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992. Magombera ulisubiri hadi mwaka 2019 kutangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na kwa miaka yote hiyo ya kusubiri uliliwa na shoka na mkaa. Nasi wa mijini tusijitoe haraka katika hesabu hiyo, maana gunia la mkaa halitembei lenyewe hadi mlangoni, na sukari ya chai ya asubuhi imeota mahali fulani. Yule nyoka angalichelewa dakika chache tu, au msitu ungalitangulia kwisha, kinyonga angalipita bila kuacha hata jina.

Mwenye likizo fupi na nauli ya basi asiishie dirishani. Kutoka Kidodi avuke Ruaha, apite Kidatu hadi Mang'ula, ambako ofisi ya Hifadhi humpa kiongozi wa kumpandisha kwenye maporomoko ya Sanje. Alale huko huko, aamke mapema. Ngolaga hulia asubuhi, na mlio wake husikika mbali.