Mfuko wa Kulalia Mtoto

Kwako mjukuu wangu Neema,

Salamu na mchele tumevipokea kwa dereva. Babu yako hajambo, ila goti humsumbua kila baridi ikiingia, na mwaka huu imeingia mapema. Alfajiri hapa Njombe ukifungua mlango unaiona pumzi yako mwenyewe. Mama yako ameniambia umenunua nyuzi na sindano umfumie mtoto mfuko wa kulalia. Babu alicheka mpaka akakohoa: yule aliyekuwa akijificha kwenye mahindi nikimwita kufuma! Mimi sikucheka, mke mwenzangu. Nilifurahi.

Mfuko wa kwanza nilimfumia baba yako. Niliupamba kwa kikofia, riboni shingoni na maua ya matundu kifuani, na kina mama wa kanisani wakausifu. Usiku wa tatu mtoto akalia kilio nisichokijua. Nikamnyonyesha, nikambeba, wapi! Kulipokucha ndipo nilipomvua, nikakuta uzi uliochomoka ndani umemzunguka kidole cha mguu, kimevimba na kuiva kama zambarau. Niliukata kwa wembe mkono ukitetemeka. Alama anayo hadi leo, ingawa yeye husema aliumia mpirani.

Basi, maua yako weka kwenye kitambaa cha meza. Mfuko ufume mfumo ulioshikana, ncha zote zichomeke vizuri, na kila jioni ugeuze ndani nje uupapase kwa vidole. Kikofia usithubutu, kikimfunika uso hana ujanja wa kukiondoa.

Anza na kipande cha kujaribia. Mimi kwa sindano za milimita 4 hupata vitanzi 22 katika sentimita 10. Wewe mkono wako bado mgeni, utabana, kwa hiyo pima kabla ya kuhesabu. Fuma vipande viwili, mbele na nyuma. Chini kila kimoja kiwe na sentimita 32 hivi, kisha punguza taratibu hadi 24 kifuani. Usione chini ni papana mno: mtoto anataka akunje miguu na kuitanua kama yuko kwenye mbeleko mgongoni. Mikono usimfumie, iwe nje. Shingo ndiyo ya kubana kidogo. Ukishafunga vifungo vya begani vidole vyako viwili vipite, kichwa kisizame. Vifungo vivute kwa nguvu kabla hujamvalisha. Kama uzi ni wa sufu halisi, ufue kwa maji ya vuguvugu bila kusugua, la sivyo utarudi umtoshe mwanasesere.

Watakuja watu wamshike vidole waseme anaganda. Mikono ya kichanga huwa baridi tu. Wewe gusa shingo kwa nyuma: ikiwa na joto na ni kavu, inatosha, ikiwa na jasho, mpunguzie nguo. Mlaze chali, bila mto wala blanketi juu ya mfuko. Mama mkwe wako, kama anasoma hapa, namsalimu sana, na blanketi lake zito ajifunike mwenyewe.

Na jiko la mkaa lisilale chumbani, hata makaa yakionekana yamefifia. Hewa yake huua watu wazima, sembuse kitoto. Hilo mwambie mumeo kwa jina langu.

Dereva anarudi Alhamisi. Mpe kile kipande nikione kabla hujaendelea.

Bibi yako