Msondo, Sikinde na Mwenye Maneno

Vingunguti haitajwi mara nyingi pale historia ya muziki wa dansi inaposimuliwa. Hutajwa Kariakoo kwa ukumbi wake wa DDC, hutajwa Ilala kwa Amana, hutajwa Chang'ombe kwa klabu ya TCC. Vingunguti hutajwa kwa machinjio yake, kwa viwanda vya kandokando ya Barabara ya Nyerere ambayo wazee wangali wakiiita Pugu Road, na kwa nyumba zilizobanana hata upepo ukapita kwa kuomba njia. Lakini anayetaka kujua bendi mbili kubwa za Dar es Salaam zilikuwa mali ya nani, hana budi kuanzia vitongoji vya namna hii, kwani humo ndimo walimoishi wafanyakazi ambao ada zao za chama, zikikatwa mshahara kwa mshahara, ndizo zilizokuwa nguvu ya mwajiri wa wanamuziki.

Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilivunjwa vikafanywa chama kimoja, NUTA. Chama hicho kikaunda bendi, nayo ikaitwa NUTA Jazz. Kabla ya hapo bendi za mjini zilikuwa vilabu vya watu waliojikusanya wenyewe, wakachanga, wakanunua gitaa moja moja. NUTA ilileta desturi nyingine: mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, na vyombo vikawa vya ofisi. Mashirika mengine yakafuata mkondo huo. Polisi wakawa na bendi yao, umoja wa vijana wa chama tawala ukawa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na yake, na shirika la bima likawa na Bima Lee. Kwa mtu aliyezoea kupiga usiku kucha akarudi kwake na nauli tu, mshahara ulikuwa heshima. Lakini heshima hiyo ilikuwa na sharti lisiloandikwa: aondokaye huondoka na koo lake, gitaa hulirudisha stoo.

Majina yenyewe yanasimulia habari hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chama cha wafanyakazi kikageuzwa kuwa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 kikaja OTTU, na bendi ikawa OTTU Jazz. Watu walewale, mtindo uleule, lakini kila ubao wa jina ulipobadilishwa ofisini, bendi nayo ilivuliwa kanzu ikavishwa nyingine. Jina ambalo halikubadilishwa na waraka wowote wa serikali ni lile walilopewa na ngoma: Msondo. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa msondo ni nini. Ni ngoma ndefu ya unyago, ile aliyoijua marehemu Bi Kidude mpaka akafariki mwaka 2013. Ofisi zilipokoma kuimiliki bendi, jina la ngoma ndilo lililobaki likasimama peke yake: Msondo Ngoma.

Mpinzani wake alizaliwa mwaka 1978. Kampuni ya usafiri na teksi iliyoitwa Tanzania Transport and Taxi Services ilikuwa na baa ya Mlimani Park, ikataka bendi ya kuwavuta wateja. Mpiga gitaa Abel Balthazar akawashawishi wenzake wa Dar International kuhama, wakiwamo Joseph Mulenga na mwimbaji Cosmas Chidumule. Marijani Rajab, ambaye jina lake lilikuwa ndiyo nguzo ya Dar International, akabaki na bendi iliyonyofolewa viungo. Kutoka JUWATA akaja Muhidin Maalim Gurumo, na Hassan Bitchuka naye akafuata. Akawamo pia Michael Enoch, mwalimu wa wengi aliyetokea Dar es Salaam Jazz. Mtindo wao wakauita Sikinde, kwa ngoma ya Wazaramo, na wakajinadi kuwa ni ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Hivyo ndivyo mji mmoja ulivyojikuta na bendi mbili zilizobeba majina ya ngoma za mwambao wake, zote mbili zikiwa na vyombo vya mwajiri.

Na tangu hapo mji ukagawanyika, kama unavyogawanyika kwa Simba na Yanga. Palikuwa na nyumba ambamo mume ni wa Msondo na mke ni wa Sikinde, na utani wao haukwisha. Radio Tanzania ilipopiga wimbo mpya, habari zilivuka Buguruni zikafika Vingunguti kabla ya machweo, na kesho yake katika foleni ya geti la kiwanda ubishi ukaendelea: nani kaimba vizuri zaidi, nani kamjibu nani.

Ubishi huo, ukiuchunguza, ulikuwa wa maneno kuliko wa magitaa. Hapa ndipo mpenzi wa ushairi anapotakiwa kutega sikio. Wimbo wa Sikinde au wa Msondo haufuati mizani ya shairi la mishororo minne, na vina vyake huja na kutoweka. Lakini una nidhamu yake. Huanza polepole, mwimbaji akimwita mtu kwa jina: mke aliyeondoka, rafiki aliyefitini, mtoto asiyesikia. Kisha husema shauri lake kwa ukamilifu, bila haraka, kama mtu aliyekaa barazani mbele ya wazee. Huja kiitikio, ambamo wenziwe humuunga mkono au humkanya. Mwisho huja chemko, maneno yakapungua, magitaa matatu yakasukana, na matarumbeta yakajibu. Wimbo wa Mlimani Park uitwao Barua Toka kwa Mama unabeba hata katika jina lake umbo ambalo washairi wa Lamu na Mombasa walilijua karne nyingi: waraka, shairi linalotumwa kwa mtu kama barua. Waimbaji wa dansi hawakuhitaji kusoma diwani ili walirithi umbo hilo, kwani lilikuwamo ndani ya lugha yenyewe.

Mwaka 1985 dhoruba ikapiga. Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliamua kuiunda upya bendi yake, akawachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park kwa mpigo mmoja, Gurumo na Bitchuka wakiwamo. Mtindo wa bendi hiyo mpya ukaitwa Ndekule. Washabiki wa Sikinde walidhani ndiyo mwisho wa ngoma ya ukae. Haukuwa mwisho. Wengine waliingizwa, nyimbo zikaendelea, na jina likawashinda walioliacha. Baadaye Bitchuka alirudi Sikinde, na Gurumo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alirudi kwenye bendi aliyoianza nayo mwaka 1964. Shaaban Dede, aliyeaga dunia Julai 2017 akiwa mtu wa Msondo, alikuwa amepita pia Bima Lee na Sikinde. Watu waliwaita wahamaji, wengine wakawaita wasaliti. Lakini msafiri asiye na jembe lake hulima shamba la aliye na jembe. Mtu ambaye gitaa si lake, jina la bendi si lake, na wimbo aliourekodi umefungiwa katika maktaba ya redio, ana nini cha kumfunga mahali isipokuwa mshahara wa mwezi ujao?

Ugomvi wa namna hii si wa Dar es Salaam peke yake. Mwaka uleule wa 1964, NUTA Jazz ilipoundwa, familia moja ya Kiparsi iliondoka Unguja kwenda Uingereza. Mtoto wao, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, ndiye aliyekuja kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki iliyoanzishwa London mwaka 1970. Nao walionja maji yaleyale. Nyimbo zao zilipokwisha kuvuma bado waliishi kwa posho ya wiki kutoka kwa kampuni iliyowasimamia, Trident, hata wakaachana nayo kwa uchungu mwaka 1975. Mwaka huohuo Bohemian Rhapsody ulipotoka, ugomvi ukaingia ndani ya bendi: mtunzi wa wimbo uliowekwa upande wa pili wa santuri, mpiga ngoma Roger Taylor, alipata mapato sawa na mtunzi wa wimbo ulioiuza santuri yenyewe. Ilipofika mwaka 1989 walikubaliana kwamba kila wimbo uandikwe kuwa umetungwa na Queen, ili wasigombane tena.

Tofauti iko hapa. Wale waligombana juu ya jina la mtunzi kwa sababu jina hilo lilikuwa na thamani iliyohesabika. Watunzi wa Dar es Salaam hawakuwa hata na cha kugombania. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, na nyingine zikatolewa kwa santuri Nairobi. Kanda zilipokuja, kila kibanda kilikuwa na mashine ya kunakili. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilipopitishwa, nyimbo nyingi zilizoijenga sifa ya bendi hizo zilikuwa zimekwisha kuzeeka, na watunzi wake pia. TX Moshi William, sauti iliyopendwa ya Msondo, alifariki mwaka 2006. Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, ilijulikana wazi kwamba hakuwa na gari. Diamond Platnumz, kijana wa kizazi kipya, ndiye aliyemzawadia. Watu walishangilia ukarimu wa kijana, na haki yake ya kushangiliwa anayo. Ila zawadi si malipo. Mzee aliyepewa zawadi kwa sababu hakulipwa amesitiriwa, hajatendewa haki. Aprili 2014 Gurumo naye akaaga dunia.

Fedha hizo hazirudi tena. Kuna deni jingine, hata hivyo, ambalo bado linaweza kulipwa, nalo linawahusu wapenzi wa ushairi kuliko wanasheria. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa karibu mwaka 1840. Tungo zake zingezikwa pamoja na walioziimba kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingezikusanya kutoka vinywani mwa watu, akashirikiana na W. E. Taylor kuziandika. Muyaka naye alitunga kwa ajili ya soko, vita na wanawake wa mjini wake. Wala hakuna leo anayemwita mtunzi wa mitaani. Je, Sikinde na Msondo wamempata Sikujua wao? Kanda za redio zimehifadhi sauti. Sauti bila jina la aliyetunga ni mali ya aliye na kabati. Kuandika maneno ya nyimbo hizo kwa ukamilifu, kumwuliza mwanamuziki mzee aliye hai nani alitunga ubeti upi na nani alimpa kiitikio, na kuyachapa pamoja na jina lake, ni kazi isiyohitaji gitaa wala ukumbi. Inahitaji kalamu na subira, na wale wanaojua tofauti ya ghani na porojo.

Kazi hiyo haingoji. Vingunguti ya leo hucheza singeli, muziki uliokulia katika vitongoji vya Dar es Salaam na unaotengenezwa kwa kompyuta chumbani. Kwa mara ya kwanza kijana wa uswahilini anaweza kuwa na chombo chake mwenyewe, asimrudishie mtu stoo. Ni maendeleo ambayo Abel Balthazar na wenzake wangeyaonea wivu. Lakini Jumapili jioni, kutoka redio ya fundi viatu au ya mama wa chapati, wimbo wa Sikinde wa miaka ya 1980 hupita, na kijana huyo huyo huuimba mpaka mwisho bila kukosea neno. Ukimwuliza wa bendi gani, atakujibu. Ukimwuliza maneno yale ni ya nani, atakutajia aliyeimba, au atakutajia tena bendi.