Onyesha Ukurasa

Wako watu wazima, tena wenye heshima zao, ambao wakimkuta kijana amekiinamia kitabu cha hadithi za wachawi na mazimwi humwuliza kama hana kazi ya kufanya. Wakiwakuta vijana wawili wanabishana juu ya mtu ambaye hajapata kuzaliwa, katika nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, hutikisa vichwa na kwenda zao. Ndugu msomaji, leo nataka kuwatetea vijana hao. Nitawatetea kwa mambo niliyoyaona ndani ya nyumba yangu kwa muda wa miaka kumi na zaidi.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye watoto wangu walimwita Mjomba bila kuongeza jina, alikuwa baharia. Wenzake walirudi safarini na redio, saa na vitambaa. Yeye alirudi na vitabu. Mwaka 1995 alitua nyumbani kwangu Magomeni na mkoba mzito kiasi kwamba mke wa jirani alidhani umejaa vyombo vya udongo. Ndani yake mlikuwa na vitabu vinne vinene, kila kimoja kikiwa na kurasa zaidi ya mia sita, vyote vya hadithi moja ambayo ilikuwa bado haijakwisha.

Hadithi hiyo huitwa The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati. Mwandishi wake alijiita Robert Jordan. Jina lake halisi ni James Oliver Rigney, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1948 mjini Charleston, katika jimbo la South Carolina, na ambaye alipigana katika vita vya Vietnam. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1990. Kisa chake ni cha Rand al'Thor, kijana aliyelelewa katika kijiji cha wachunga kondoo, ambaye anakuja kutambua kwamba yeye ndiye aliyetabiriwa kupambana na Mfalme wa Giza, na kwamba nguvu atakayopambana nayo ndiyo ile ile inayowatia wazimu wanaume wote wanaoitumia.

Mambo haya yasimshangaze Mswahili. Sisi tuliosoma Kusadikika ya Shaaban Robert tulikwisha kuzoea nchi inayoelea angani. Tena tulisimuliwa habari za Fumo Liyongo, shujaa asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na hata leo wataalamu wanabishana kuwa aliishi karne gani. Kubishana juu ya hadithi si ugeni kwetu.

Miaka ile ilikuwa ya mgawo wa umeme. Usiku wa giza Mjomba aliwasha kandili, akawakalisha watoto mkekani, akawasomea vitabu vile akivigeuza Kiswahili papo kwa papo. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wake minane. Alipoondoka kurudi baharini aliviacha vitabu, na binti alipoingia shule ya sekondari akaanza kuvisoma mwenyewe, kamusi kando yake. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na Mjomba akauwekea sheria moja: mwenye kudai jambo na aonyeshe ukurasa. Asiyeweza kuuonyesha anyamaze, hata akiwa mkubwa. Maneno kama “nadhani” na “nasikia” hayakupewa kiti.

Mimi nilikuwa karani wa masjala, na sheria hiyo ilinipendeza sana, kwani masjala nako barua isiyokuwamo katika jalada ni kama haikuandikwa.

Nitoe mfano mmoja wa ubishi wao. Katika kitabu cha nne, kilichotoka mwaka 1992, msichana mmoja anaingia kwa njia ya ndoto katika jumba la makumbusho la mji uitwao Tanchico. Mna humo mifupa ya wanyama ambao watu wa zama hizo hawawajui tena, na mmoja wao ana shingo ndefu ajabu. “Twiga!” akapiga kelele mwanangu mdogo, na wote tukaduwaa, maana ni kweli: mnyama ambaye kila mtoto wa Tanzania anamjua alikuwa amesimama pale kama kitu kilichopotea duniani. Kisha kikatajwa kitu kingine, kinachong'aa kama fedha, umbo lake nyota ya ncha tatu ndani ya duara, nacho kinatoa hisia ya kiburi na majivuno. Mjomba alikataa kutuambia ni nini. Wiki nzima binti alikisumbukia, mpaka siku moja akitoka shuleni akaliona gari kubwa jeusi limesimama kando ya njia, na mbele yake nyota ile ile. Alikuja nyumbani mbio. Ilikuwa alama ya Mercedes-Benz. Mjomba alipoandikiwa habari hiyo alijibu kwamba hata baada ya maelfu ya miaka, Wabenzi hawafichiki.

Mlango huo ukafungua mingine. Wakarudi kwenye kitabu cha kwanza, mahali ambapo zinatajwa hadithi za kale: Lenn aliyeruka hadi mwezini ndani ya tumbo la tai wa moto; bintiye Salya aliyetembea katikati ya nyota; na jitu Mosk lenye mkuki wa moto uwezao kuizunguka dunia. Wasomaji wengi wa nchi mbalimbali wameona humo John Glenn, aliyeizunguka dunia mwaka 1962, na chombo kilichoitwa Tai, kilichotua mwezini mwaka 1969. Wameona Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda anga za juu, mwaka 1983. Na katika jina la Mosk wameona mji wa Moscow na makombora yake. Kumbe basi zama zetu zimo ndani ya hadithi, zimesahauliwa, zimebaki ngano za kuwasimulia watoto. Gurudumu huzunguka, na tunayoyaona makubwa hugeuka mifupa ya makumbusho. Binti yangu alikaa kimya muda mrefu usiku ule. Akaniuliza, “Mama, sisi tutakumbukwa kwa nini?” Sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Lakini ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa kifo cha Asmodean. Huyu ni mmoja wa wale kumi na watatu waitwao Waliotupwa, watu wa zama za kale waliojiuza kwa Mfalme wa Giza. Alikuwa mwanamuziki. Anatekwa, anapokonywa sehemu kubwa ya nguvu zake, na kulazimishwa kuwa mwalimu wa siri wa Rand. Mwishoni mwa kitabu cha tano, cha mwaka 1993, anapita katika jumba la kifalme akitafuta mvinyo, anafungua mlango mdogo, anamwona mtu anayemtambua, na papo hapo anakufa. Jina la mwuaji halitajwi.

Wasomaji wa Marekani, Ulaya na kwingineko walibishana juu ya jina hilo kwa miaka kumi na saba. Walitaja washukiwa chungu nzima, na kila mmoja alikuwa na mawakili wake. Mwandishi alipoulizwa aliwahi kusema kwamba kwa msomaji makini jibu liko wazi. Na kwa maswali mengi mengine desturi yake ilikuwa kuwaambia watu wasome, watayakuta mbele.

Nyumbani kwetu washukiwa walikuwa wawili. Mjomba alimshuku Lanfear, mwanamke mwenye wivu ambaye ndiye aliyempokonya Asmodean nguvu zake. Alisema kwamba mwovu ambaye maiti yake haijaonwa hajafa, na Lanfear alipotea tu, alitumbukia katika mlango wa mawe na hakuonekana. Binti alimshuku Graendal. Hoja yake ilikuwa kwamba Graendal alikuwa mmoja wa wanne waliopanga kumtega Rand, na mwenzake katika mpango huo alikuwa ameuawa siku ile ile katika jumba lile. Ni nani basi atakayekuja kuchungulia kilichotokea, kama si mshirika? Na kuhusu Lanfear alisema: mlango aliotumbukia uliungua nyuma yake. “Mjomba, aliyepita mlango ulioungua amerudi vipi mapema hivyo? Onyesha ukurasa.” Walinunua daftari la kurasa mia mbili, upande wa kushoto ukawa wa Mjomba na wa kulia wa binti. Kila hoja iliandikwa na namba ya ukurasa wake. Katika kitabu cha baadaye Lanfear alirudi kwa jina jingine, na Mjomba akajaza kurasa sita kwa furaha.

Ati hayo yana faida gani? Mwaka 1999 jirani yetu mmoja alipoteza fedha zake, na mtaa mzima ukamtaja msichana wake wa kazi, kwa kuwa alikuwa mgeni na hana ndugu mjini. Wanaume walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni. Binti yangu, mwenye miaka kumi na mitano, aliuliza mbele ya watu wazima: “Nani alimwona? Fedha zilihesabiwa mara ya mwisho lini? Ufunguo alikuwa nao nani?” Wengine walimwona hana adabu. Lakini hakuna aliyeweza kumjibu, na hasira ya watu ikapoa kwa kukosa mahali pa kushika. Fedha zile hazikupatikana mpaka leo. Msichana hakupigwa wala hakufukuzwa kwa sababu ya “nasikia”. Mimi nililitazama jambo hilo nikajua limetoka mkekani, chini ya kandili.

Mwaka 2004 Mjomba aliacha bahari kwa maradhi ya figo akaja kukaa nami. Mwaka 2006 zikaja habari kwamba Robert Jordan naye ni mgonjwa wa moyo, maradhi yasiyo ya kawaida, na tarehe 16 Septemba 2007 akafariki dunia akiwa na miaka 58. Hadithi ilikuwa haijakwisha. Binti alimletea Mjomba habari hiyo kitandani. Alinyamaza, kisha akauliza neno moja tu: “Mwisho ameuandika?” Alikuwa ameuandika. Aliacha maelezo mengi, mengine aliyoyasema kwa kinywa akiwa mgonjwa, pamoja na tukio la mwisho kabisa. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimteua mwandishi kijana, Brandon Sanderson, amalizie kazi. Mjomba alifurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba shamba la rafiki yake halitakuwa pori.

Kitabu kimoja kilichobaki kilikua kikawa vitatu: cha 2009, cha 2010 na cha 2013. Mjomba hakukiona hata kimoja. Tulimzika mwezi wa Machi 2009.

Kitabu cha mwaka 2010 kilitufikia mwaka uliofuata, kwa mkono wa baharia aliyekuwa mwenzake. Binti hakuanza mwanzo. Alikwenda nyuma, kwenye orodha ya majina na maelezo yake, akatafuta. Chini ya jina la Graendal imeandikwa wazi kwamba ndiye aliyemwua Asmodean. Binti yangu, sasa mtu mzima mwenye kazi yake, alikuwa ameshinda shauri la miaka kumi na miwili. Na badala ya kushangilia alilia kwa sauti mpaka mdogo wake akaja kuuliza kama kuna msiba. “Nimemshinda,” akasema, “na hayupo wa kunibishia.” Baadaye alilitoa daftari kabatini. Upande wa kulia, chini ya hoja yake ya mwisho, akaandika namba ya ukurasa. Upande wa kushoto hakugusa kitu. Hoja za Mjomba zimebaki pale zilivyo, moja baada ya nyingine, kila moja na ukurasa wake. Jibu lake halikuwa sahihi, lakini katika kurasa zote zile hakuna mahali aliposema uongo.

Wengine wanaijua hadithi hii kwa televisheni tu, kwa mchezo ulioanza mwaka 2021 na kusimamishwa mwaka 2025 baada ya misimu mitatu. Vitabu havikusimamishwa. Wala ubishi haukwisha hadithi ilipokwisha, kwa maana katika tukio lile la mwisho mtu mmoja anawasha kiko chake kwa kuwaza tu, bila kutumia nguvu yoyote tunayoijua, na kitabu hakielezi imekuwaje. Wanangu wawili wanalibishania jambo hilo mpaka sasa, kila wanapokutana sikukuu, na daftari limekwisha kupata la pili.

Mzazi mwenzangu, mtoto wa mjini husikia maneno mengi kwa siku moja kuliko tuliyoyasikia sisi kwa mwezi, na mengi hayana jalada wala sahihi. Hatuwezi kumziba masikio. Lakini akija kwako na habari ya mazimwi, na amekasirika kwa sababu rafiki yake hakubaliani naye juu ya nani alifungua mlango upi, usimfukuze aende akafanye kazi. Sogeza kiti, umwulize ni ukurasa wa ngapi.